Pete ya Bi Wahiba

Mwananyamala, Kinondoni
12 Oktoba 2024

Kwa mpwa wangu Widad,

Assalaam alaykum. Kwanza ujue kwamba barua hii inaandikwa na mtu ambaye akipiga chafya hapa Mwananyamala, kule Kinyerezi kwenye mitambo ya umeme taa zinapepesa. Sijisifu, ni watu wenyewe wanasema. Juzi tu wamekuja mabwana wawili dukani kuulizia misumari ya bati. Nikawaeleza bati linavyotakiwa kupigwa, tangu msumari wa kwanza hadi wa mwisho, wakaondoka hata bila kununua. Wakasema, "Mzee Hilal, tunakwenda kufikiria upya." Mtu akikwambia anakwenda kufikiria upya, ujue umeshambadilishia maisha.

Sie huku hatujambo. Mkaza mjomba wako Thuwaiba hajambo isipokuwa magoti, nayo ni ya tangu zamani, tumeshayazoea kama wapangaji. Kuku wanataga. Jirani yetu mwalimu Eufrazia anakusalimu, anasema ukija kutoka huko Katavi usije mikono mitupu, asali ya huko anaijua.

Umetaka tuandikiane barua kwa kuwa mtandao wa huko kwenu unapatikana juu ya kichuguu tu. Sawa. Mie barua siziogopi. Niliishia darasa la sita, ni kweli, lakini la sita la enzi zile, lilikuwa na uzito wa chuo. Nitakuwa nampa kondakta wa basi la Mpanda, ananiheshimu sana, siku hizi ananiita Mkurugenzi.

Sasa habari yenyewe. Posa imetufikia na tumefurahi. Huyo Mazin nimeshamchunguza, usiniulize vipi. Mie nina watu huko kwao Tabora wasiolala. Wameniambia ni mwalimu wa hesabu, hanywi, na akicheka hufunika mdomo. Nimeridhika. Harusi tutaiweka baada ya Idd, na hapa nyumbani kila kitu kiko mkononi mwangu: maturubai, viti, maiki, mpishi wa pilau. Nimewapigia watu wa maturubai, wakaniambia, "Mzee, wewe sema siku tu, nchi nzima itahamia kwako."

Usishangae mwandiko umeyumba. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia nimekifunga bandeji. Jambo dogo. Kenge aliingia banda la kuku, kenge mwenyewe urefu wake kutoka mlangoni kwangu hadi dirishani kwa Eufrazia. Nikamshika mkia, akageuka, tukatazamana kama wanaume. Ishu imekwisha. Kenge amehama kata.

Mimi mjomba wako,
Hilal

*

Mpanda, Katavi
3 Novemba 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Barua yako niliipata siku ya kliniki ya watoto, nikaisoma huku nimekaa juu ya sanduku la chanjo, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Pole kwa kidole. Mkaza mjomba mpe shikamoo yangu na mwambie magoti ayafanyie mazoezi niliyomwonyesha, asiyaogope.

Huku ni heri. Mizani yetu imeharibika, kwa hiyo wiki mbili hizi watoto tunawapima kwa mizani tuliyoazima kwa wauza asali, na kina mama wakitoka hapo nyuki wanawafuata hadi barabarani. Mazin anakusalimu. Nilimwambia una watu Tabora wanaochunguza kicheko chake, tangu siku hiyo anacheka mdomo wazi.

Mjomba, barua yako ina kenge, ina maturubai, ina mpishi wa pilau. Kitu kimoja hakimo. Kwenye simu nilikuuliza mara tatu, na mara tatu mtandao ukakatika upande wako, ambako minara imejaa, siyo upande wangu mie niliye juu ya kichuguu. Ndiyo maana nimeomba barua. Maandishi hayakatiki.

Nauliza pete ya bibi yangu, Bi Wahiba.

Unakumbuka ilivyo kuliko mimi. Dhahabu ya zamani ile yenye wekundu, yakuti katikati kama punje ya komamanga, zumaridi mbili pembeni, na lulu sita zimeizunguka. Mie naikumbuka kwa kichwa changu. Mama alikuwa akinisuka, lulu zikinigusa nyuma ya sikio, za baridi. Nikijitikisa ananiambia, "Tulia, bibi yako anakutazama." Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wanawake walitoka chumbani wakakukabidhi wewe mbele ya watu, ukaifunga kwenye leso, ukasema, "Hii ni amana, siku ya hina yake nitamvisha mwenyewe." Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nilikusikia.

Sasa siku ya hina inakuja. Bakuli la maji ya mawaridi nitakuja nalo mimi, la mama bado ninalo. Wewe ndiye wa kuitoa pete majini na kunivisha, kama babu yake alivyomfanyia Bi Wahiba na kama mjomba wake mama alivyomfanyia mama. Niambie tu kwamba ipo. Neno moja linatosha.

Mpwa wako,
Widad

*

Mwananyamala
8 Desemba 2024

Kwa Widad, binti wa dada yangu,

Assalaam alaykum. Nimechelewa kujibu, lakini usidhani ni uzembe. Kulikuwa na mkutano wa mtaa kuhusu mtaro, na bila mie mkutano hauna akidi. Hata mwenyekiti mwenyewe huwa anaangalia nimekaa upande gani ndipo aanze. Nilizungumza dakika arobaini. Watu wengine walitoka nje kulia.

Thuwaiba hajambo. Mazoezi anafanya akidhani simwoni. Kuku mmoja amekufa, tumemla. Eufrazia amestaafu ualimu, na sasa amegeuza uzio wetu kuwa ubao, anasahihisha kila kinachoandikwa na watoto wa mtaa. Fundi Gozbert wa kuchomelea, yule wa kona, ametuahidi geti jipya kwa ajili ya harusi. Nimemwambia aweke maua ya chuma, akasema maua atayaweka lakini yatafanana na feni.

Kuhusu ile pete. Mpwa wangu, unamuuliza nani? Mie ndiye niliyelala na bunduki enzi za ulinzi wa mtaa, ingawa bunduki ilikuwa ya mwenzangu. Pete ipo mahali salama kuliko benki. Iko karibu nami usiku na mchana. Mwizi hawezi kuifikia bila kunifikia mie kwanza. Tena nakwambia, hata mie mwenyewe siwezi kuitoa kirahisi. Mahali pake ni pagumu hivyo.

Na katika kuitunza nimejifunza mengi, nimekuwa kama profesa wa vito. Ulikuwa unajua kwamba lulu haitaki ndimu? Ndimu inaila lulu kama mchwa anavyokula mlango. Siki haitaki, sabuni ya mche haitaki. Mtu akikushauri upake ndimu mahali penye lulu, mfukuze. Sonara mmoja aliniambia hivyo, tulikuwa tunazungumza tu mambo ya dunia.

Mwandiko bado si mzuri kwa sababu ya kidole. Mwizi alipitia dirisha la dukani nikamkamata suruali, akanibania kidole kwenye nondo. Jambo dogo. Suruali ninayo.

Mjomba wako mwenye kazi nyingi,
Hilal

*

Mpanda
27 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa wote hapo nyumbani. Sisi wazima.

Nitaandika kifupi kwa sababu nikirefusha nitalia, na karatasi ya hapa kituoni ni ya kuhesabu.

Mama mdogo Salwa amenipigia kutoka Temeke. Anasema alikuona unatoka kwa sonara, mkono umeuficha mfukoni, ukamwona ukavuka barabara bila kuangalia gari. Nilimwambia mjomba Hilal hawezi. Akaniambia, "Mwanangu, dukani kwake misumari imepanga foleni haina mnunuzi, binadamu akibanwa anauza hata kivuli."

Mjomba, kama imeuzwa niambie. Nitaolewa bila pete, wanawake wengi wameolewa bila pete na wana maisha mazuri. Sitakuchukia. Kitakachonishinda ni kukuona siku ya hina umekaa mbele yangu unanisimulia kenge.

Na mimi ni muuguzi, mjomba. Oktoba kidole kiling'atwa na kenge. Desemba kidole kilekile kimebanwa na mwizi. Jeraha la Oktoba halifungwi bandeji hadi Desemba, lingekuwa limepona au kidole kimeoza. Sijui unaficha nini kwa kidole hicho, wala sijui kina uhusiano gani na sonara. Ila najua unaficha.

Mazin sijamwambia chochote. Mama yake alikuja kutoka Tabora akaniuliza nitavaa nini siku hiyo, nikamwambia nitavaa pete ya bibi yangu. Nilisema hivyo nikimwangalia usoni.

Widad

*

Mwananyamala
30 Januari 2025

Kwa Widad,

Assalaam alaykum. Leo siandiki habari za mtaa wala za mkutano. Mkutano ulikuwepo, na sikuzungumza.

Barua yako niliisoma dukani, nikafunga mlango nikaisoma tena. Nakuapia kwa Mola aliyemchukua dada yangu: pete sijaiuza. Sijaiweka rehani. Haijatoka mikononi mwangu hata siku moja. Salwa aliniona kwa sonara, ni kweli, na mkono ulikuwa mfukoni, ni kweli. Gari nililiangalia, isipokuwa nililiangalia baadaye.

Nilikwenda kwa sonara kumuulizia jamaa yangu mmoja. Simtaji jina, ni mtu mzito. Nakusimulia wewe kwa kuwa ni muuguzi, labda umewahi kuona ugonjwa wa namna hii.

Huyu jamaa alivaa pete isiyo yake. Aliivaa mara moja tu, dakika moja, kwenye kidole cha mwisho. Ikaingia vizuri kabisa, kama mgeni mwenye adabu. Kutoka ikakataa. Ametumia maji, ametumia mafuta ya kupikia, amevuta hadi akaona nyota. Kifundo cha kidole kimekuwa kama kitunguu. Mtu mmoja akamwambia apake ndimu na sabuni, akakataa kwa sababu zake.

Na pete yenyewe ni ya dhahabu. Jamaa ni Mwislamu, ni mwanamume, na dhahabu kwa mwanamume ni haramu, unaelewa mwenyewe aibu yake. Anakwenda msikitini kidole kimefungwa kitambaa. Akitia udhu anapangusa juu ya kitambaa kama mgonjwa, na moyo wake unajua hakuna mgonjwa. Imamu amemuuliza mara mbili, "Bwana, hicho kidonda hakiponi?" Imamu ni kijana mdogo, ana umri wa soksi zangu, lakini siku hiyo jamaa aliona heri ardhi impasukie.

Alikwenda kwa Gozbert wa kuchomelea kumuuliza kwa mbali. Gozbert akawasha mashine ya kukatia geti, akasema, "Mzee, leta kidole, sekunde tatu." Jamaa alifika nyumbani bila kiatu kimoja.

Sonara naye akasema ikatwe, kisha ataiunga, hutaona alama. Koleo akaishika mkononi. Jamaa akasema hapana. Sonara akamwambia, "Dhahabu haina roho, mzee." Jamaa akamjibu kwamba hiyo ilivaliwa na mama yake, ikavaliwa na dada yake, na ikikatwa hata ikaungwa na malaika, yeye atakuwa ndiye aliyekata. Basi akaondoka nayo hivyohivyo. Miezi inakwenda. Kuna tarehe mbele yake ambayo pete hiyo inatakiwa iwe kwenye kidole kingine, na haoni njia.

Nauliza tu kwa niaba yake. Kama dawa ipo, niandikie. Kama haipo, usiniambie haipo.

Thuwaiba anakusalimu. Kuku hawatagi.

Hilal

*

Mpanda
14 Februari 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Barua yako imenikuta kituoni. Nikaisoma hadi mwisho, nikatoka nje, nikapanda kichuguu bila simu, nikakaa tu. Mganga mfawidhi wetu, daktari Theonest, akaniita kwa chini, "Sista, kuna msiba?" Nikamwambia hakuna, kuna kidole.

Mpelekee jamaa yako salamu zangu nyingi, mwambie dawa ipo.

Kwanza, kabla ya yote, akitazame hicho kidole kwenye mwanga. Kama ncha yake ni ya buluu, au imekufa ganzi, au inauma usingizi hauji, aende hospitali ya Mwananyamala siku hiyohiyo, na pete ikatwe. Mwambie nimesema mimi. Kidole chake ni bora kuliko yakuti, zumaridi na lulu zote sita, na wenye pete wangesema hivyohivyo, walio hai na waliotangulia.

Kama ncha ina rangi ya kawaida, basi afanye hivi. Asubuhi ndiyo mbaya, vidole huvimba. Afanye alasiri. Ainue mkono juu ya kichwa muda mrefu kidogo, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka, kisha autie kwenye maji baridi. Apake mafuta ya nazi kwenye ngozi tu, lulu asiziguse. Ndani ya bahasha nimeweka uzi mwembamba wa nailoni, nimeununua kwa fundi cherehani. Ncha moja ya uzi ipitishwe chini ya pete kuelekea kiganjani, kwa pini ya nywele. Uzi uliobaki uzungushwe kidole kwa kukaza, mzunguko ukigusa mzunguko, kuanzia kwenye pete hadi kupita kifundo. Kitabanwa, kitauma, avumilie. Kisha ishikwe ile ncha ya kiganjani, uzi uanze kufunguliwa polepole kuelekea kucha. Pete itaufuata uzi, itapanda kifundo yenyewe kama mtu anayepanda ngazi. Wiki iliyopita tumemtoa hivyo fundi baiskeli aliyekuwa na nati kidoleni. Ndugu zake walipiga vigelegele.

Sharti moja. Hawezi kufanya mwenyewe. Mkono mmoja haujifungi uzi. Inabidi amwambie mtu. Kama ana mke, amwambie mke.

Na kama huyo jamaa ana mpwa, mwambie mpwa wake hana hasira. Nami nina langu la kusema. Nilipopata simu ya mama mdogo Salwa niliamini siku nne nzima. Siku nne nilikufikiria vibaya, mjomba, wewe uliyenilipia ada ya uuguzi ukasema umeokota. Nisamehe.

Harusi ni tarehe kumi na mbili Aprili. Nafika na basi tarehe tano. Bakuli nimeshalifunga ndani ya nguo.

Mpwa wako,
Widad

*

Mwananyamala
24 Machi 2025, mfungo unakaribia kwisha

Kwa mpwa wangu Widad, daktari wa madaktari,

Assalaam alaykum, na Mola azipokee saumu zetu. Jamaa yangu anakusalimu. Ameniomba nikwambie kwamba siku ya kutoa pete ile, mtaa ulisimama. Kinyerezi walizima mitambo kwa heshima. Magari ya saruji yanayotoka Wazo yalipaki pembeni, madereva wamevua kofia.

Haya, basi. Nimechoka kumbeba huyu jamaa, ni mzito kweli kama nilivyokwambia. Ni mie. Ulijua. Tuendelee.

Uzi ulifika mwezi wa Ramadhani haujaandama. Nilikaa nao siku tisa mfukoni. Kidole hakikuwa cha buluu, nilikitazama juani kama ulivyosema, kilikuwa cha rangi yake, kimenuna tu. Siku ya kumi baada ya swala ya alasiri nikamfuata Thuwaiba jikoni, alikuwa anachambua choroko za futari.

Nikamwambia, "Thuwaiba, weka sinia chini. Nina jambo."

"Jambo la bandeji?"

"Umejuaje?"

"Hilal, kidonda gani kina pembe? Tangu mwaka jana nakuona unakula kwa kijiko kama mgeni wa ubalozi. Tangu lini wewe na pilau mmetenganishwa na kijiko?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja umalize wanyama. Kenge, mwizi, nikasema akifika simba atachoka mwenyewe."

Nikafungua bandeji. Hakucheka, mpwa wangu, nilidhani atacheka. Aliushika mkono akautazama muda mrefu, akasema, "Hii ilikuwa inanipiga kichwani nilipokuwa bibi harusi mgeni hapa. Mama yako alikuwa nayo kidoleni akinifundisha kukanda." Ndipo akacheka, hadi Eufrazia akachungulia juu ya uzio kuuliza kama tumeshinda bahati nasibu. Thuwaiba akamwambia, "Ingia mwalimu, njoo na miwani."

Wakanikalisha kwenye kigoda, mkono juu. Eufrazia akaisoma barua yako kwa sauti ya darasani, mstari mmoja mmoja, Thuwaiba anatenda. Wanawake wawili na mie katikati nimenyoosha mkono kama mtoto aliyebanwa na haja. Uzi ulipokazwa nilisema maneno ambayo ilibidi niyaombee toba kabla ya adhana. Eufrazia ananiambia, "Mzee Hilal, yule kenge si ulimtazama kama mwanaume?"

Thuwaiba akaanza kufungua. Mzunguko wa kwanza, haikwenda. Wa pili, haikwenda. Wa tatu nikaiona inajigeuza. Ikapanda kifundo, Widad, kama ulivyosema, ngazi kwa ngazi, kila lulu inapita peke yake. Ikatoka. Thuwaiba akaidaka ndani ya upande wa khanga. Kuku ndio walioongea.

Nzima. Yakuti ipo, zumaridi zipo, lulu ni sita, tumehesabu mara tatu, mara moja kazihesabu Eufrazia kwa kalamu. Na sikiliza hili, siyo hadithi zangu, nimeipeleka kwa sonara kuthibitisha, Thuwaiba shahidi. Zile lulu zilikuwa zimeanza kufifia, miaka kumi na mitano kwenye leso, rangi ya jino la mzee. Sasa zina mwanga. Sonara kasema lulu hupenda ngozi ya mtu, ikikaa gizani peke yake hunyong'onyea, ikivaliwa hurudi. Miezi mitano na nusu nilikuwa naziamsha bila kujua. Alipokuwa anaondoa uchafu kwa kitambaa laini akaniuliza, "Mzee, nani aliyekuwa anaivaa?" Nikamwambia ni habari ndefu.

Pete iko ndani ya kikopo cha ubani, kikopo ndani ya kabati, ufunguo anao Thuwaiba amefunga kiunoni. Nimeuomba mara moja, akaniangalia, sikurudia. Msikitini nimekwenda bila bandeji. Imamu akasema, "Alhamdulillahi, kimepona." Nikamwambia ndiyo, kimeponywa na mpwa wangu.

Salwa amekuja kunitaka radhi, nimempa, amekula futari akachukua na ya kupeleka Temeke. Geti la Gozbert limekamilika, maua yamefanana na feni. Mpishi yupo tayari. Kuku wanataga.

Ulisema nikusamehe kwa zile siku nne. Sina cha kukusamehe. Mtu aliyekaa miezi akisimulia kenge anastahili zaidi ya siku nne. Kuhusu ada, niliiokota kweli. Mwenye nazo alikuwa ameziangusha mfukoni mwangu.

Njoo salama. Tarehe tano nitakuwepo stendi kabla ya basi, nimevaa kanzu nyeupe, mkono wa kulia mtupu.

Mjomba wako,
Hilal

Nimeifungua tena bahasha. Kondakta anangoja mlangoni ananiita Mkurugenzi kwa hasira. Eufrazia aliniuliza ile siku, na Thuwaiba pia, nilivaaje pete ya mwanamke mie mtu mzima. Niliwaambia nilikuwa naikagua kama ni nzima. Wewe nitakwambia, usimwambie Mazin.

Siku posa yako ilipofika niliitoa kwenye leso kuitazama. Nikafikiria watu wa Tabora watakavyokuja na majoho yao, na mie nitakaa mbele yao kama mjomba wa bibi harusi, mtu wa misumari. Nikaingia bafuni na kile kioo changu cha kunyolea. Nikajifunga taulo kichwani kama kilemba, lile la kijani lenye tundu. Nikavaa pete, nikanyoosha kidole, nikajiambia kwenye kioo kwa sauti nzito, "Karibuni, waheshimiwa." Nikasema mara tatu, nikitafuta sauti iliyo sawa. Ya tatu ilikuwa nzuri sana. Nilipotaka kuivua ili nikachukue kahawa, haikuvuka kifundo.